Tairi Lenye Tarakimu Tatu

Kuna maswali ambayo mtu huulizwa mara moja tu maishani, na jibu lake likamfuata siku zote. Mimi niliulizwa swali la namna hiyo na mpwa wangu, binti wa dada yangu, akiwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, mkono wake umefungwa kwa kitambaa kifuani. Aliniuliza maneno mawili: "Mjomba, ulijua?" Nami nikamjibu kwa neno moja: "Hapana."

Jibu hilo lilikuwa la uongo, ingawa wakati ninalitoa sikulihesabu kuwa uongo. Katika kurasa hizi nataka kujaribu kueleza jinsi mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anavyoweza kulijua jambo na papo hapo asilijue. Somo hilo sikulipata msikitini wala kanisani wala shuleni. Nililipata katika kuchagua rimu na matairi ya gari la zamani la mbio. Msomaji asiyependa magari asinikimbie. Nitayaeleza mambo ya gereji kwa kadiri ya haja tu, maana ndimo kosa langu lilimolala.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Watu wa rika langu wanalikumbuka: milango miwili, viti viwili, pua ndefu, na injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita mbili na nusu kasoro kidogo. Lilijitokeza kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1969, na kwetu Afrika Mashariki likajipatia heshima ambayo magari machache mno yameipata. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, safari hiyo wakiwa wamelingana pointi na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun ya aina nyingine. Sisi watoto wakati huo tulizisikia habari hizo kwa redio, kisha tukatoka nje kuunda magari yetu ya makopo, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizochakaa. Hata utotoni tulikuwa tumekwisha kulijua jambo moja: kopo lingekuwa zuri namna gani, kama magurudumu yalikatwa vibaya gari halikwenda. Lilikwenda upande.

Miaka mingi baadaye, nywele zangu zikiwa zimeanza kuingia mvi, nilibahatika kununua 240Z iliyokuwa imelala kwenye banda la shamba moja huku kwetu kaskazini. Panya walikuwa wamekula viti na maji ya mvua yalikuwa yamekula sakafu. Lakini nyuma ya banda, zimefunikwa kwa turubai, nilizikuta rimu nne za chuma za inchi 14, zile zile zilizotoka kiwandani, zimevaa matairi ya upana wa 175 ambayo meno yake yalikuwa hayajaguswa. Mtu alikuwa ameyanunua zamani sana, akayaweka, akafa au akahama bila ya kuyatumia. Nilipoyapangusa vumbi yakawa meusi, mazuri, kama yameshuka dukani asubuhi ile. Nilifurahi kuliko nilivyolifurahia gari.

Fundi wangu ni mzee aliyejifunza kazi enzi za karakana za serikali. Haongei sana. Alilibingirisha tairi moja mpaka mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wake kama mtu asomaye kwa kugusa, akasimama. "Mwanangu," akasema, "hili lina tarakimu tatu."

Nikamuuliza maana yake. Akanieleza jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulifahamu. Matairi mengi hupigwa muhuri ubavuni unaoonyesha lini yalitengenezwa. Tangu mwaka 2000 muhuri huo una tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Kabla ya hapo ulikuwa na tarakimu tatu tu: mbili za wiki na moja ya mwaka. La kwangu liliandikwa 348, yaani wiki ya 34 ya mwaka unaoishia na 8. Mwaka 1978, au 1988, au 1998; muhuri wenyewe haukusema. "Hata tukilipa umri mdogo kabisa," mzee akasema, "hili si tairi tena. Ni picha ya tairi."

Akaendelea. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa na joto huuingia polepole, mafuta yaliyomo hukauka, nao unakuwa mgumu. Baya zaidi ni lile lisiloonekana: pale mpira unapoungana na nyuzi zilizo ndani yake, ule mshikamano hulegea. Meno hayasemi kitu juu ya hayo. Meno husema tairi limetembea kiasi gani, hayasemi limeishi miaka mingapi. Tairi la namna hiyo laweza kubeba gari mjini mwaka mzima bila ya kosa, kisha siku moja ya joto na mwendo, ngozi yake ikabanduka.

Nilisikiliza yote. Nilitikisa kichwa. Kisha, siku tatu baadaye, nikamwambia ayafunge.

Msomaji atauliza kwa nini, nami nimejiuliza zaidi yake. Nilikuwa na sababu, na mtu mwenye sababu ni mgumu kuonywa. Sababu ya kwanza ilikuwa uaminifu kwa ya kale. Gari nililitengeneza kwa uchungu, kila nati kwa mahali pake, na niliona kulivisha matairi ya kisasa ni kama kumvisha bibi kizee suruali ya mjukuu. Sababu ya pili ilikuwa kwamba mashindano yetu si ya watu wa kulipwa. Ni ya klabu: Jumapili moja moja, watu wachache wanaofahamiana, njia ya vumbi ya kilomita chache shambani, gari moja baada ya jingine, na kikombe kidogo ambacho mshindi hunywea soda. Niliona hatari ya mchezo mdogo nayo ni ndogo. Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, nayo sikuisema kwa sauti: matairi yalikuwa mazuri kwa macho, na tayari nilikuwa nayo.

Siku ya mashindano mpwa wangu alikaa kushoto kwangu na daftari la njia mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakuniuliza lolote juu ya matairi. Kwa nini aniulize? Alipokuwa mdogo nilimvusha barabara, naye alinipa mkono bila ya kutazama huku wala huku. Mtu akishakupa mkono namna hiyo huwa amekukabidhi macho yake pia. Nilimkazia mkanda mwenyewe.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukawa mzuri zaidi, na nakumbuka nilijisemea moyoni kwamba mzee ana woga wa uzee. Katika mzunguko wa tatu, kwenye kona ya kushoto baada ya mwinuko, nikasikia kishindo kama mtu anapiga bati kwa mti. Ngozi ya tairi la nyuma la kulia ilikuwa imebanduka. Nyuma ya gari ikatupita, tukatoka njiani ubavu ubavu, tukaligonga tuta la udongo. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Yeye mtulinga wake wa kushoto ulivunjika chini ya mkanda ule ule nilioukaza. Mita thelathini mbele ya tuta palikuwa na mti, na chini ya kivuli chake watoto wa shamba wamekaa wanatazama.

Jioni ile hospitalini ndipo aliponiuliza kama nilijua, nami nikasema hapana.

Nimefikiri mara nyingi juu ya hapana ile. Sikuwa nimekaa nikaitunga. Ilitoka yenyewe, na ilitoka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuifanyia mazoezi kwa majuma. Kila nilipoyatazama matairi yale mazuri nilikuwa nikiliondoa neno la fundi na kuliweka kando, kama mtu anayesukuma bili chini ya kitambaa cha meza. Bili haijachanika, na deni halijafutika, lakini meza inapendeza. Nilipoulizwa kama nilijua, nilitazama juu ya meza, nikaona hamna kitu.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini yuko na mtu wa aina nyingine, naye ni hatari zaidi: aliyeambiwa maana akaiona ghali. Asiyejua ana udhuru. Ajuaye akatenda ubaya kwa makusudi, angalau dhamiri yake inamwita kwa jina. Huyu wa katikati hana udhuru wala hana fadhaa. Analala usingizi mzuri. Naamini mabaya mengi ya dunia hufanywa na watu wa katikati, tena walio wema nyumbani kwao.

Historia ya tairi lenyewe inanipa ushahidi. Tairi la upepo lilianza kama kitendo cha huruma. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo la namna hiyo mwaka 1845, lakini halikushika. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, akaandikisha tairi lake, ambalo alikuwa amelitengeneza ili baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe isimtikise kwenye barabara ya mawe. Kumbe mwanzoni kabisa tairi liliwekwa kati ya ardhi ngumu na mwili wa mtoto ambaye mtu fulani alimpenda. Sijui maelezo bora zaidi ya kazi yake.

Lakini kutokana na huruma ile dunia ikaingiwa na njaa ya mpira, na sehemu ya mpira ule ilikamuliwa kutoka misitu ya Kongo, wakati nchi hiyo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kati ya mwaka 1885 na 1908. Watu walioshindwa kutimiza kiwango cha mpira walichukuliwa mateka wake zao, walichomewa vijiji, walikatwa viganja. Ulaya waliopanda baiskeli za matairi laini wengi wao hawakuwa watu waovu. Hawakuuliza tu. Na mtu mmojawapo aliyewafanya waulize hakuwa nabii wala askari. Alikuwa karani wa kampuni ya meli, jina lake Edmund Morel. Kazi yake ilimpeleka bandari ya Antwerp, na vitabu vya shehena vilipita mikononi mwake. Aliona kwamba meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zinazokwenda huko hazipeleki bidhaa za kulipia. Zinapeleka bunduki na risasi. Akasema moyoni: hii si biashara. Aliacha kazi mwaka 1901, akaandika na kupiga kelele mpaka watu wakasikia, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa Kongo.

Kosa langu halilingani na hayo hata kidogo, na ningeona haya kuyaweka kwenye mizani moja. Ninachokitazama ni yule karani. Tarakimu alizozisoma Morel zilisomwa na makarani wengine pia. Hawakukosa macho wala hesabu. Tofauti yao naye ni kwamba yeye alikubali kwamba tarakimu zile zinamdai kitu. Nadhani hapo ndipo kujua kunapoanza: si pale habari inapoingia sikioni, bali pale unapokubali kulipa inachodai. Mimi habari ya 348 iliniingia sikioni vizuri sana. Nilikataa kulipa.

Ningependa kusema kwamba baada ya ajali nilipata busara mara moja. Haikuwa hivyo. Majuto nayo yana upofu wake. Nililifumua gari, na safari hii nikaapa kulipa matairi bora kuliko yote. Nikanunua rimu za aloi za inchi 16, upana wake inchi 8, zile zinazochomoza nje kwa ubabe, na matairi mapana ya 225 yenye mpira laini wa mbio. Bei yake sikuitaja nyumbani. Nilifikiri kwamba kama kosa la kwanza lilikuwa mshiko mdogo, basi toba ni mshiko mwingi.

Mzee hakunikataza. Alikataa jambo moja tu: kukata madigadi ili matairi yasisugue. "Bati hili lina miaka hamsini," akasema. "Ukilikata hulirudishi. Rimu utaichoka mwakani." Basi tukayafunga kwa kubanabana, nikaenda kulijaribu gari kwenye lami ya mlimani, peke yangu. Lilishika barabara kama mjusi ukutani. Nilishuka nikijiona nimesamehewa.

Baada ya miezi michache mzee aliniita gereji. Rimu moja ya nyuma alikuwa ameivua na kuiosha, na mguuni pa mkono mmojawapo wa rimu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Beringi ya upande ule ilikuwa inalia. Boliti mbili kati ya nne zilikuwa zimeanza kuvutika, kwa sababu nati nilizotumia zilikuwa za rimu ya chuma, na rimu ya aloi, kwa kuwa ni nene zaidi, ilitaka boliti ndefu zaidi na nati za kikalio chake. Akanieleza kwa ndoo ya maji. "Ibebe ubavuni," akasema, "utakwenda nayo mpaka mtoni na kurudi. Inyooshe mbele kwa mkono mmoja, utafika hatua ngapi?" Rimu inayochomoza nje ni mkono ulionyooshwa. Beringi ndiyo bega. Na tairi linaposhika mno, nguvu zote za kona ambazo zamani zingeishia kwenye kuteleza kidogo sasa zinakwenda ndani: kwenye boliti, kwenye beringi, kwenye springi, kwenye bati la gari lililopimwa na watu wa mwaka 1969 kwa matairi ya mwaka 1969.

Akanipa na jingine la kufikiri. Tairi lenye ubavu mrefu likikaribia kuachia hukuambia. Gari huanza kutelemka upande taratibu, usukani hubadilika uzito, nawe una muda wa kutubu. Tairi pana la ubavu mfupi hushika, hushika, hushika, kisha likaachia kwa ghafla, tena ukiwa na mwendo mkubwa zaidi. Na kwenye vumbi letu, ambako ndiko klabu hushindana, upana haukuwa na faida. Tairi pana huelea juu ya changarawe kama mtu anayekanyaga punje za mahindi sakafuni. Jembamba huzikata likafika kwenye ardhi ngumu. Ndiyo maana hadi leo madereva wakubwa wa rally huvaa matairi membamba kwenye changarawe na mapana kwenye lami.

Hapo nikaona kwamba mara zote mbili kosa lilikuwa moja. Mara ya kwanza sikutaka kujua umri wa tairi. Mara ya pili sikutaka kujua nguvu za gari. Kwanza niliipenda sura ya zamani, pili nikaipenda sura ya usalama, na mara zote sikukiuliza kitu chenyewe kinaweza nini. Nilikuwa nachagua matairi kwa ajili ya moyo wangu.

Mara ya tatu tulichagua tukiwa watatu, mezani, na karatasi. Lakini kabla ya kuketi ilinibidi nifanye lile nililoliahirisha karibu mwaka mzima. Nilimwita mpwa wangu barazani nikamwambia: "Siku ile uliniuliza kama nilijua. Nilijua. Fundi aliniambia, akanionyesha na muhuri." Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa maneno makali, nikakuta sikujiandaa kwa kimya. Hatimaye akasema: "Twende ukanionyeshe hizo tarakimu zinakaa wapi." Tukaenda gereji. Alipiga magoti sakafuni, akazitafuta mwenyewe kwenye ubavu wa yale matairi ya zamani, akazisoma kwa sauti, moja moja. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau: "Zimeandikwa wazi kabisa, Mjomba."

Tulichochagua si siri, wala si ajabu. Rimu za inchi 14 kama za awali, zenye matundu manne kwenye duara la milimita 114.3 kama kiwanda kilivyopima, lakini upana wa inchi 6 badala ya 4 na nusu, na kitovu chake kimekaa ndani, mahali ambapo beringi inaweza kubeba. Matairi ya 195/70R14. Kwa asiyezoea lugha hiyo: upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 14. Kimo chake chote kinatofautiana na cha zamani kwa kama sentimita moja tu, hivyo gia na mshale wa mwendo havidanganyiki sana. Baada ya hapo limeandikwa 91, yaani kila tairi laweza kubeba kilo 615, na gari zima uzito wake ni tani moja na kidogo. Halafu herufi H, yaani mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, ambao sitaufikia kamwe, Mungu akipenda. Mwisho muhuri wenye tarakimu nne, ambazo mpwa wangu alizisoma kabla sijalipa.

Je, huko si kuisaliti ile 240Z ya asili? Swali hili nimeulizwa na wenzangu wapenda magari, na kwa muda lilinisumbua. Kisha nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Herrmann hakushinda mwaka 1971 kwa matairi yaliyokaa miaka thelathini chini ya turubai. Alishinda kwa matairi mapya, mazuri kuliko yote ambayo wenzake waliweza kumpatia kwa njia ile. Uaminifu wao ulikuwa kwa barabara iliyo mbele yao. Mimi nilidhani nawaheshimu kwa kuvaa walichovaa, kumbe kuwaheshimu kulitaka nifanye walivyofanya. Jembe la bibi yangu lilibadilishwa mpini mara nyingi, na hakuna aliyesema si jembe lake. Angeng'ang'ania mpini uliooza kwa kuwa ulikatwa na babu, tungelala njaa kwa heshima.

Siku hizi nina kanuni, na ninaitoa kwa msomaji aitumie hata kama hana gari. Yale ya kale ambayo yakivunjika huvunja fahari yangu tu, nayashika kwa nguvu zote: rangi, viti, redio isiyoshika stesheni, usukani mwembamba wa duara kubwa. Yale ambayo mwili wa mwingine umeyaegemea, hayo hayana ruhusa ya kuwa mazuri kabla ya kuwa ya kweli. Na nikijiambia kwamba nahatarisha nafsi yangu peke yangu, natazama kwanza chini ya mti kama hakuna watoto waliokaa kivulini. Gari zima, pamoja na waliomo, hugusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja yapata ukubwa wa kiganja. Kila ahadi anayoitoa dereva hupitia katika viganja hivyo.

Yalibaki matairi matatu ya tarakimu tatu. Mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale alitaka kuyanunua kwa bei nzuri, akasema atayatundika ukutani tu. Labda kweli. Lakini mimi nami niliyakuta yamefunikwa kwa turubai, na najua tairi zuri linavyomwongoza mtu. Nikayapeleka kwa fundi viatu sokoni, akayachana kwa kisu mbele yangu. Yametoa jozi kadhaa za katambuga, na jozi moja ninayo. Likikatika gidamu, nitatembea peku mpaka nyumbani, na hapatakuwa na mwingine wa kuumia.

Mpwa wangu bado anakaa kushoto kwangu. Mtulinga uliunga, ingawa wakati wa baridi anausikia. Kila mara kabla ya kuingia garini huinama akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa kila tairi, yote manne, kama yule mzee. Zamani, mtu akikagua kazi yangu namna ile ningehisi ametukana. Sasa husimama kando nikamngoja amalize, kisha ndipo ninapomfungulia mlango.